PS4 iliyotumika kwa ajili ya banda la gemu Kigoma: nichukue fati, Slim au Pro?

Mwanamwanga (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nipo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Baada ya misimu miwili ya kununua dagaa Kibirizi na kuwapeleka Tabora, nimefikisha akiba ya shilingi laki tisa, na nimekusudia kufungua banda dogo la gemu katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yangu mdogo, ambaye ameniruhusu kukitumia kwa sharti moja tu, kwamba umeme nilipie mimi. Televisheni ninazo mbili: moja ni bapa ya inchi 32, na nyingine ni ya kichogo, ya zamani, lakini picha yake bado ni nzuri.

Nimetajiwa mashine tatu za gemu aina ya PS4, zote za mtumba. Ya kwanza ni ile nene ya mwanzo, ambayo wauzaji huiita fati. Ipo hapa hapa Mwanga, ina pedi mbili za kuchezea, bei yake ni 380,000, na nyuma pameandikwa CUH-1116A. Muuzaji anasema imechipiwa, yaani imechezewa ili ikubali gemu za kunakili, na ina gemu zaidi ya 20 ndani yake, kwa hiyo sitahitaji kununua diski kabisa. Ya pili ni Slim, CUH-2116A, ipo Kariakoo na inauzwa 560,000 pamoja na pedi moja, ila itabidi isafirishwe hadi huku. Ya tatu ni Pro, CUH-7016B, ya jamaa aliyerudi kutoka Dubai, naye hataki kushuka chini ya 750,000.

Hesabu inayoninyima usingizi ni hii: kwa bei ya Pro moja na nyongeza ndogo ninapata fati mbili, na fati mbili ni televisheni mbili, yaani wateja wanne kwa wakati mmoja badala ya wawili. Lakini rafiki yangu ananitisha kwamba fati hufa kwa joto, wakati muuzaji anasema kitu kizito ndicho kinachodumu na kwamba Slim ni plastiki tupu. Naomba kuelezwa kama tofauti hizi ni za sura tu, au kuna jambo la ndani ambalo mtu anayeishi huku, na umeme wetu huu tunaoujua, anapaswa kulijali kabla hajatoa fedha mfukoni.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Mwangaluka, mdogo wangu. Ninatengeneza simu, redio na mashine za gemu hapa Tabora, na umefanya jambo la maana kutuandikia nambari za nyuma, kwa sababu neno fati peke yake halitoshi kumwongoza mnunuzi. Sony walitoa PS4 Novemba 2013 ikiwa na nambari CUH-1000, ikafuata 1100, kisha 1200 mwaka 2015, na zote tatu mtaani huitwa fati ingawa ndani hazifanani. Slim, yenye nambari zinazoanzia 2000, ilitoka Septemba 2016, na Pro, inayoanzia 7000, ikatoka Novemba mwaka huo huo. Tarakimu mbili za kwanza ndizo zinazotaja toleo, mbili za mwisho zinaonyesha soko ambalo mashine ilitengenezewa, na herufi A kwa kawaida ni diski ya ndani, ya kuhifadhia gemu, ya GB 500 wakati B ni ya TB 1. Kwa hiyo hiyo ya Mwanga ni toleo la pili la zile nene, na toleo hilo lina ugonjwa wake.

Vitufe vya 1000 na 1100 havibonyezwi. Ni vya kugusa tu, vimefichwa katika mstari mwembamba unaopita katikati ya uso wa mashine, na chini yake, karibu kabisa na kitufe cha kutoa diski, kuna kimguu cha mpira ambacho hulegea au huvimba kadiri miaka inavyopita. Mpira huo ukipanda juu kidogo, mashine huamini kwamba kuna kidole kimegusa. Utasikia mlio mmoja mfupi, na diski itatoka yenyewe dakika ya 80 huku mteja akiwa ameshika kichwa. Na kama hakuna diski ndani, mashine italia mara tatu, itanyamaza, kisha italia tena, usiku kucha. Nimeletewa nyingi za namna hiyo, na wenyewe huwa wameshaambiwa kwamba kinachosomea diski kimeharibika. Dawa yake mara nyingi ni kukaza skrubu moja iliyo chini ya kile kifuniko kinachong'aa, au kuung'oa huo mpira na kuweka kipande kingine cha kusimamishia mashine. Toleo la 1200 lina vitufe vya kubonyeza, na ugonjwa huo haliujui.

Sasa tuje kwenye umeme, maana baba yako mdogo amekwisha kukupa mtihani. Kibandiko cha 1100 kinataja wati 250, cha 1200 wati 230, cha Slim wati 165 na cha Pro yako wati 310. Hicho ni kikomo cha juu, si matumizi ya kila dakika. Katika mchezo mzito fati za mwanzo hutumia takriban wati 140, na Slim hutumia karibu wati 80 kwa mchezo ule ule na picha ile ile. Ukifungua banda kwa saa kumi kila siku, fati inakula uniti 1.4 na Slim uniti 0.8. Kwa siku 30 tofauti ni uniti 18, na hapo sijaihesabu televisheni. Tena ukumbuke kwamba kila wati inayoingia katika mashine hizi hutoka ikiwa joto, na joto hilo linapaswa kusukumwa nje na feni moja tu. Njoo Tabora mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanguka, uone vumbi ninalolitoa katika feni za fati: linatoka likiwa limegandamana kama kipande cha blanketi.

Umeme mdogo hautakusumbua sana kama watu wanavyodhani, kwa kuwa pawasaplai ya PS4 hupokea volti 100 hadi 240, na umeme ukishuka mpaka televisheni ya jirani ikaanza kusinzia, yenyewe itaendelea kufanya kazi. Kinachoua ni umeme unaporudi kwa kishindo, na pia ule mkatiko wa ghafla wakati diski ya ndani inaandika. Mashine iliyozimika hivyo, ikiwashwa hulalamika kwamba haikuzimwa kwa utaratibu, kisha hujikagua. Ikizimika hivyo mara kwa mara, diski yake huanza kufa taratibu, gemu zinachelewa kufunguka, na mwisho hazifunguki kabisa.

Kuhusu ile hesabu ya televisheni mbili, nasikitika kukuvunja moyo: hakuna PS4 ya aina yoyote yenye matundu ya zile waya nyekundu, nyeupe na njano. Zote zinatoa picha kwa waya wa HDMI pekee, ule wa televisheni bapa. Kuna vigeuzi vidogo vinavyouzwa kwa bei nafuu ambavyo vitakuwezesha kuichomeka katika kichogo, lakini maandishi yatakuwa kama yameandikwa kwa mkaa uliolowa, na mteja ambaye hawezi kusoma matokeo wala dakika hatarudi kesho.

Kwa hiyo mimi ningechukua Slim, na fedha itakayobaki ningeipeleka kwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, na pedi ya pili. Pro usiiguse. Ubora wake unaonekana katika televisheni za 4K, zenye picha kali zaidi, na hiyo yako ya inchi 32 haitakuonyesha kile unacholipia.

Mama Chapati (Ujiji)

Mwanangu, mimi si fundi, lakini nina banda la gemu hapa Ujiji mwaka wa sita sasa, pamoja na genge langu la chapati, na mengi ambayo fundi ameyaeleza kwa wati mimi niliyajua kwa hasara.

Nilianza na PS3, ile ya mwisho yenye mfuniko wa kuteleza juu, na niliipenda kwa sababu ilikubali televisheni ya kichogo bila kigeuzi chochote. Iliniingizia fedha vizuri mpaka vijana walipoanza kuniuliza kwa nini kwangu Ronaldo bado yuko Juventus, na nilipokwenda kutafuta diski mpya nikaambiwa kwamba kwa PS3 safari ya gemu ya mpira ya FIFA iliishia FIFA 19, wakati ile ya PES ilikuwa imeishia 2018. Nakueleza haya mapema kwa sababu lazima atatokea mtu wa kukushauri ununue PS3 kwa kuwa ni rahisi. Kwa mtoto wako nyumbani, sawa. Kwa banda, wateja wako ni vijana wanaojua usajili wa wachezaji kuliko wanavyojua masomo yao, na hawatalipa kumchezesha mchezaji katika timu aliyohama zamani.

Baadaye nilinunua fati, ya 1000, kwa bei ya kutupa. Nikaiweka kwenye rafu nyuma ya jiko, kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi. Baada ya miezi minne ikaanza kunguruma kama boti la Kibirizi linalovuta mtumbwi, kisha ikawa inazimika baada ya nusu saa na taa ndogo nyekundu inawaka na kuzima. Fundi alipoifungua alinionyesha feni: mafuta ya chapati yalikuwa yameshika kila ubawa, vumbi likashikwa na mafuta, na ndani ya pawasaplai kulikuwa na familia nzima ya mende, wazee kwa watoto, kwa sababu huko ni joto na giza na matundu yake ni mapana. Niliona aibu, maana alikuwa kijana wa rika la mwanangu. Siku hizi mashine iko upande wa pili wa chumba, juu ya meza yenye miguu mirefu, na sehemu yake ya nyuma haigusi ukuta.

Fundi amekwisha kukuonyesha kichogo kilivyo, na mimi nakuongezea kwamba hata ungekuwa na televisheni bapa mbili ningekushauri uanze na mashine moja inayofanya kazi kila siku. Kwangu mechi ni shilingi 500, nusu moja dakika nne, na anayefungwa ndiye anayelipa na kupisha mwingine. Kwa utaratibu huo vijana sita au saba wanakaa wakingoja zamu, wanabishana, wananunua chapati na maji, na ubishi wao ndio unaowaita wengine kutoka barabarani. Mashine ikilala kwa fundi siku tatu, wanahamia banda la jirani, na kuwarudisha ni kazi ya mwezi mzima.

Pedi ndizo zitakazokula faida yako. Nunua ya pili mapema na uweke akiba ya ya tatu, kwa sababu mtu akikosa penalti hasira zake zote zinaishia kwenye kijiti cha kushoto.

Abiria wa Reli (Dar es Salaam)

Kwa ufupi kuhusu Pro: hiyo 7016 ni ya kundi la kwanza, ambalo feni yake ina kelele sana, iliyotulia ni ile ya nambari zinazoanzia 7200, iliyotoka 2018. Vilevile Pro za 7000 na 7100 hutumia waya mnene wa umeme kama wa kompyuta ya mezani, wakati fati na Slim hutumia waya mwembamba wa redio wenye kichwa cha umbo la nane, ambao hata ukikatwa na panya utaupata katika duka lolote la Mwanga kwa bei ya soda mbili au tatu.

Kuhusu kusafirisha, mimi hutumia treni na mabasi yote mawili, na tatizo kubwa kwangu si usafiri bali ufungaji. Usikubali mashine ifungwe katika mfuko wa rambo na gazeti. Toa diski ya gemu iliyoachwa ndani kabla ya safari, ifungwe kwa nguo laini, iwekwe katika boksi gumu, na pedi zikae peke yake, zisilazwe juu ya mashine.

Kijana wa Katubuka (Kigoma)

Wakubwa zangu, naheshimu uzoefu wenu, lakini naona mnaionea fati. Mimi ninayo 1116A kama hiyo tangu mwaka 2017, imeishi na umeme wa Kigoma tangu enzi za majenereta ya dizeli, na mpaka leo nacheza. Naisafisha kila baada ya miezi mitatu kwa brashi ya rangi, na kubadilisha diski yake ya ndani ni kazi ya dakika tano: unasukuma kile kifuniko kinachong'aa pembeni, kinateleza, unafungua skrubu moja yenye alama za vitufe vya pedi, na diski inatoka. Isitoshe, iliyochipiwa inamwondolea huyu ndugu gharama ya diski, ambayo hakuna aliyeitaja. Laki mbili kasoro kidogo inayobaki kati ya fati na Slim ni fedha nyingi kwa mtu anayeanza.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Kijana wa Katubuka, hilo la kusafisha umesema kweli, na fati inayotunzwa na mwenyewe kwa namna unavyoitunza wewe naweza kuipendekeza mbele ya Slim iliyopigwa jua dirishani miaka mitano. Tatizo ni kwamba hiyo inayouzwa si ya kwako.

Kuhusu kuchipiwa, naomba tuliweke wazi, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi wanapofungwa macho. Mashine hizo hutegemea programu-endeshi ya zamani ambayo ina tundu la usalama. Ukinunua diski ya mchezo mpya kuliko programu hiyo, itakudai usasishe kwanza, na ukisasisha, chipu imekwisha na zile gemu 20 hazifunguki tena. Usiposasisha, umebaki na gemu zile zile mpaka wateja wazichoke, na ukijaribu kuingia kwenye mtandao wa PlayStation unaweza kufungiwa mashine nzima. Kwa aina nyingi, kila inapozimwa kabisa inabidi chipu iwashwe upya, sasa fikiria umeme ukikatika mara tatu katika jioni moja. Zaidi ya hayo, gemu hizo ni za wizi, na wewe unafungua biashara mbele ya barabara, si chumbani kwako.

Diski halali za mtumba si ghali kiasi hicho, na kwa banda la mpira unahitaji mbili au tatu tu. PS4 hazina ubaguzi wa nchi, kwa hiyo diski iliyotoka Dubai au Uingereza itafanya kazi katika mashine yoyote kati ya hizo tatu. Mchezo unahamia wote katika diski ya ndani, lakini kila unapotaka kuufungua lazima diski yake iwemo, na mechi za watu wawili wanaokaa pamoja hazihitaji intaneti wala malipo ya kila mwezi.

Mwanamwanga (Kigoma)

Shikamoo Mama, na nyote nawashukuru. Jana nilikwenda kuijaribu ile fati, na nilipoichomeka tu bila diski, ikalia bip bip bip. Muuzaji akasema ni salamu yake. Nilijizuia kucheka. Nikamwomba tuweke diski, tukacheza dakika kama ishirini, na mara mbili ikaitoa diski nje bila mtu kuigusa, ndipo akashusha bei mpaka 330,000. Pro nimeiacha kabisa, na jamaa amenuna.

Sasa nimebaki kati ya fati ya 330,000 ambayo ugonjwa wake naujua, na Slim ya 560,000 ambayo sijaiona. Nina binamu anayeishi Ilala, anaweza kwenda Kariakoo siku ya Jumamosi, lakini hajui chochote kuhusu gemu. Yeye ni kinyozi. Je, kuna mambo ambayo hata mtu asiyejua anaweza kuyakagua?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Kinyozi ana macho na subira, anatosha. Mwambie aende asubuhi, wakati muuzaji hana haraka, na achukue diski moja ya mchezo wowote wa PS4 pamoja na simu yenye tochi.

Kabla mashine haijawashwa, amulike tundu la HDMI. Ndani kuna pini 19 nyembamba, zinapaswa kuwa zimepangika kama meno ya kitana, na sehemu ya chuma inayozizunguka isicheze akiisukuma kwa ukucha. Hapo ndipo PS4 nyingi za mtumba zinapofia, kwa sababu watu huvuta waya mashine ikiwa mezani, na kulibadilisha tundu hilo kunahitaji fundi mwenye mtambo wa hewa ya moto na mkono usiotetemeka. Aangalie pia skrubu za ganda la nje. Zikiwa na makovu, mashine imefunguliwa na mtu ambaye hakuwa na bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, na mtu wa namna hiyo hujui alifanya nini kingine huko ndani.

Ikishawashwa, asikubali kuonyeshwa menyu na kuambiwa kwamba ni nzima. Acheze, au amwachie muuzaji acheze, dakika arobaini mfululizo, na katika muda huo aweke kiganja nyuma ya mashine. Hewa ya moto inayotoka kwa nguvu ni afya. Hewa kidogo huku feni inapiga kelele ni ishara kwamba vumbi limejaa au ile pesti ya kupooza prosesa imekauka. Hilo linatibika, lakini lazima lishushe bei. Diski itolewe na kurudishwa mara tano. Pedi iachwe mezani bila kuguswa mchezo ukiendelea: mchezaji akianza kutembea mwenyewe, kijiti kimekufa.

Mwisho, na hili asilisahau hata kama muuzaji atakunja uso: awashe intaneti ya simu yake, mashine iunganishwe, na aliyekuwa mwenyewe aingie kwenye akaunti yake. Ikikubali, haijafungiwa. Kisha aiondoe akaunti hiyo, na mashine ifutwe yote mbele ya macho yake mpaka ianze kuuliza lugha kama mpya. Ikitokea kwamba kitufe cha mduara ndicho kinachokubali na cha msalaba kinakataa, asishtuke. Huenda ni mashine iliyotengenezewa soko la Japani, na hiyo peke yake si kasoro.

Akikuta hata moja kati ya HDMI au akaunti haliendi sawa, aondoke. Hapo rudi kwenye fati, mwambie muuzaji 300,000, nami nitakuelekeza kwa simu jinsi ya kukaza ile skrubu au kuung'oa ule mpira.

Mama Chapati (Ujiji)

Na mwambie binamu yako asitoe fedha yote kabla mashine haijafungwa kwenye boksi akiona. Nimewahi kufanyiwa jaribio na mashine moja, nikafungiwa nyingine.

Mwanamwanga (Kigoma)

Ndugu zangu, narudi kutoa taarifa. Binamu yangu alikaa Kariakoo saa mbili nzima mpaka muuzaji akamletea kiti. HDMI ilikuwa safi, akaunti ilikubali, mashine haikupiga kelele, lakini pedi ilikuwa na kijiti kinachovuta kushoto, na kwa sababu hiyo alishusha bei mpaka 530,000. Aliandika nambari ya utambulisho iliyo nyuma kwenye kiganja chake kwa kalamu kabla haijafungwa, akailinganisha tena ilipokuwa ndani ya boksi. Imefika juzi kwa basi, ikiwa imeviringishwa katika mashuka mawili ya saluni ambayo natakiwa kuyarudisha.

Kilichobaki nimenunulia UPS ndogo ya VA 650, pedi mbili za mtumba nilizozijaribu mwenyewe, na diski mbili za mpira. Kichogo nimemrudishia mama, anaangalia tamthilia.

Nilifungua jana jioni. Saa mbili na robo usiku umeme ukakatika Mwanga nzima, timu moja ikiongoza 2 kwa 1, na UPS ikaanza kulia. Vijana wote tisa wakasimama, hakuna aliyezungumza. Mechi ikaisha, matokeo yakabaki vile vile, nikaizima mashine kwa utaratibu wake, na aliyefungwa akanilipa shilingi 500 gizani akilalamika kwamba ule mlio ulimchanganya.

Fundi, nina swali moja tu lililobaki: UPS hii ilihimili kama dakika tisa, pamoja na televisheni. Je, nikiongeza betri ya nje itakubali, au nitaiunguza?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Usiongeze. Chaja iliyomo ndani ya UPS ndogo kama hiyo imetengenezwa kwa betri yake tu, na ukiifunga betri kubwa itachaji siku nzima huku ikichemka. Dakika tisa zinatosha kumaliza mechi na kuizima mashine. Ila hakikisha UPS haikai sakafuni karibu na mlango, maana mvua za Kigoma zikija na upepo wa ziwani utaikuta inaogelea.